Filamu za stima na swali la kuni

Stima zilipotea saa mbili usiku tukiwa katikati ya filamu. Nilikuwa nyumbani Mbooni, juu kidogo ya soko la Kikima, na mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa ametuwekea kwenye kipakatalishi chake Howl's Moving Castle, katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki ya mwaka wa 2004. Betri ilikuwa bado na nguvu, tukaendelea kutazama gizani. Kasri la vyuma lilikuwa likitembea kwa miguu kama ya kuku, likifuka moshi na mvuke kila upande, na jikoni mwake pepo wa moto alikuwa akilalamika.

"Mjomba, sasa hii ni uchawi ama ni injini?" mpwa wangu akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, mamangu, ambaye watoto humwita Susu, akauliza lake kwa Kikamba: huo moto, ni nani anayeutafutia kuni?

Nimelibeba swali hilo wiki nzima, na leo naligeuza kuwa kipimo cha uhakiki.

Filamu za namna hii huitwa stimpanki. Jina hilo lilibuniwa mwaka wa 1987 na mwandishi Mmarekani K. W. Jeter, nusu mzaha, kwa hadithi zinazoturudisha katika enzi ya injini za mvuke na magurudumu ya meno, kana kwamba petroli na kompyuta hazikuwahi kuja. Uchawi si sharti, ila huingia mara nyingi. Panki, kwa wengi wetu, ni mtindo wa kunyoa, na hapo tuliache. Lakini stima! Kamusi zitakwambia kuwa stima ni meli ya mvuke, neno tulilolichukua kwa Waingereza enzi za meli hizo. Sisi wa Kenya tulilitoa majini tukalipandisha kwenye nyaya, likawa umeme. Kumbe kila tunaponung'unika kwamba stima zimepotea, tunautaja mvuke bila kujua! Napendekeza basi tuseme filamu za stima. Wenzetu wa Tanzania watapinga, na wana haki, kwa kuwa kwao umeme ni umeme.

Litazame pia neno fundi. Kuna fundi wa cherehani, fundi wa gari, fundi wa saa. Na huko Pwani, kiongozi wa ngoma za pepo naye huitwa fundi. Lugha yetu haikuona haja ya kuwawekea ua katikati.

Miyazaki naye hakuona. Katika filamu yake, mtambo hauendi bila pepo, na pepo hana pa kukaa bila mtambo. Isitoshe, kuna gharama. Moto ule hula kuni, hula hata maganda ya mayai, na uhai wake umefungwa kwa agano na moyo wa Howl mwenyewe. Swali la Susu linajibiwa ndani ya hadithi, na ndiyo maana filamu ile inashika mtazamaji hata kama hajawahi kusikia neno stimpanki.

Sasa ilinganishe na The Ghost and the Darkness ya mwaka wa 1996, iliyoongozwa na Stephen Hopkins. Hii ni ya jirani yetu: simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka wa 1898, ingawa ilipigwa Afrika Kusini. Ilishinda tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti, na ngurumo zile kweli husimamisha nywele. Ila angalia kazi zilivyogawanywa. Daraja, ramani na bunduki ni za Patterson, anayeigizwa na Val Kilmer. Hofu kwamba simba wale si simba bali ni mashetani ni ya vibarua, Waafrika na Wahindi. Wale wamepewa mtambo, hawa wamepewa uchawi, na mwishowe risasi ndiyo inayoamua ni nani mwenye akili. Sisi wa Ukambani tumetaniwa kuhusu uchawi hadi tukachoka, kwa hiyo mchezo huo tunaujua. Mtoto anayeutazama mara kumi hujua upande wake ni upi kabla hajakutana na fizikia darasani. Na kuni je? Injini za awali za reli ile zilikula kuni, tena nyingi, na kuna watu waliozikata. Filamu haiwajali.

Ajabu ni kwamba hadithi bora ya stima tunayo wenyewe. Masimulizi ya Wakamba yanamtaja mwaguzi Syokimau, ambaye kabla ya reli kuanza Mombasa mwaka wa 1896 aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji huku akifuka moshi, na watu wageni waliobeba moto mifukoni. Nyoka ni treni, moto ni kiberiti. Hivyo ndivyo tulivyofafanuliwa sote. Mimi sipendi ufafanuzi huo wa haraka. Ukishasema "ni treni tu", umemrudisha Syokimau upande ule ule ambao Hopkins amewaweka vibarua. Ono lake halina pande mbili: mwaguzi ndiye mjuzi wa mtambo, naye anauogopa kwa sababu anaujua.

Anayetaka kuona jambo hili likifanyika leo atafute Neptune Frost ya mwaka wa 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda. Mvuke hamna. Kuna wachimbaji wa koltani, ndoto zinazotoa maagizo, wadukuzi wa kompyuta, na mavazi yaliyoshonwa kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki. Kiswahili kimo, pamoja na Kinyarwanda na Kirundi. Hadithi inapotea njia mara mbili tatu, tena nyimbo ni nyingi kupita kiasi, lakini inaanzia kwa anayelisha moto: kijana mwenye sururu mgodini.

Stima zilirudi saa nne. Mpwa wangu alikuwa akitafuta kwenye simu kituo cha reli cha Syokimau, kile kilichofunguliwa mwaka wa 2012.

"Mjomba, hizi za siku hizi zinatumia dizeli," akasema. "Hazitoi moshi kama ule."

Susu alikuwa ameshaingia jikoni kuufukia moto majivuni, usizimike kabla ya asubuhi.