Mwana Hiti Hana Mikono

Wako watu ambao, wakimtazama mwana hiti, kinyago kidogo cha mti cha Wazaramo wa karibu na Dar es Salaam, husema fundi wake alikuwa mvivu: kichwa chenye shungi, matiti, kitovu, basi, hana mikono wala miguu. Hukumu hiyo si ya haki. Fundi alimwachia mlezi sehemu yake. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana huyo amwoshe, ampake mafuta, amtunze kama mtoto. Mikono iliyokosekana ilikuwa yake yeye mwali. Leo wana hiti kadha wa kadha wamo katika makabati ya vioo huko Ulaya, wala hawapakwi mafuta tena. Basi, msomaji, ukitaka kuupima uzuri wao, usiulize tu ni nani aliyewachonga. Uliza pia ni nani aliyewalea.