Tazama Weusi Wake Kwanza

Picha ya nyeusi na nyeupe hudanganya kirahisi. Toa rangi, zidisha kontrasti, tia giza pembeni, na karibu kila uso utaonekana umebeba siri nzito. Simu yoyote hufanya hivyo kwa mguso mmoja. Kwa hiyo unayetaka kununua picha ya uso wa karibu, au kumpa mtu kazi ya kumpiga picha mama yako, usitekwe na ukali wake. Tazama weusi kwanza.

Chini ya taya, nyuma ya sikio, kwenye mkunjo wa shingo: humo ndimo fundi anamojulikana. Weusi mzuri una ngozi ndani yake. Ukiusogelea unaona vinyweleo, mkufu, ukosi wa gauni. Weusi mbovu ni shimo tu. Kwa ngozi zetu hili ni jambo kubwa, maana mhariri mwenye papara humeza nusu ya uso kisha akaiita sanaa. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipenda mwanga wa jua na mara nyingi aliwaweka watu mbele ya kitambaa chenye maua au nakshi. Nguo na kitambaa vinapiga kelele, lakini mashavu yana daraja zote za kijivu.

Kisha tazama midomo na mikono. Programu kama Lightroom na Photoshop humwachia mhariri aamue kila rangi igeuke kijivu cha kiasi gani. Ngozi ya binadamu, awe wa Pemba au wa Oslo, iko upande wa machungwa na nyekundu. Ukizipandishia rangi hizo mwanga, chunusi na mabaka hufifia, na njia hii ya mkato inapendwa mno. Tatizo ni kwamba midomo nayo ni nyekundu, na hina iko hukohuko. Ndiyo maana utamkuta bibi harusi aliyekaa saa nyingi akichorwa, na kwenye picha imebaki piko peke yake. Hina imeyeyuka, midomo imekuwa kitu kimoja na shavu. Mimi niliwahi kumlainisha shangazi yangu hivyo. Akaitazama picha, akaniuliza, "Mwanangu, mikunjo yangu umempa nani?" Sikuwa na jibu.

Kuna kuangaza hapa na kutia giza pale. Zamani, kwenye chumba cha giza, fundi alizuia mwanga usifike kwenye karatasi kwa kiganja, au kwa kipande cha kadibodi kwenye ncha ya waya, akikichezesha bila kusita ili kisiache ukingo. Leo ni brashi ya kompyuta, lakini mkono mzito bado unajianika: utando mweupe huzunguka kichwa kama mwezi uliovaa duara. Weupe wa macho nao usipite meno. Jicho halina haja ya kung'arishwa lote. Kimulimuli kimoja cha dirisha kwenye mboni kinatosha, na kama hakikuwapo siku ya kupiga, kisibandikwe.

Chembechembe za bandia sizipendi, ingawa wapo wanaozitumia kwa adabu. Kwenye filamu, chembechembe halisi huonekana zaidi katika kijivu cha kati. Ukizikuta zimetapakaa sawasawa hadi kwenye kanzu nyeupe pepe, kama unga uliomwagika, jua zimenyunyiziwa baadaye.

Usiamue kwenye kioo cha simu kilichowashwa mwanga wote, maana huko kila kiza hupendeza. Kabla ya kulipa, omba nakala moja ndogo ya karatasi. Ipeleke dirishani mchana, kisha uitazame chini ya taa usiku. Maduka mengi huchapa picha hizi kwa wino au karatasi za rangi, na kijivu huteleza kikawa kijani au zambarau. Ikiteleza, mrudishie mchapaji aichape upya.