Ua la Almasi na Ua la Sahani

Almasi ya rangi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5. John Williamson, Mkanada mwenye mgodi, aliitoa zawadi ya harusi kwa binti mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ilipochongwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaifanya kiini cha ua la kifuani lenye petali za almasi nyeupe. Kazi ni safi mno, na hapo ndipo ilipo kasoro yake: udongo wa Usukuma haumo, wala mkono wa mchimbaji.

Ua la bustani linaloundwa kwa vyombo vikuukuu lina tabia nyingine. Sahani pana hukaa nyuma, kisahani mbele yake, na glasi iliyokosa wenzake huwa kiini. Gundi huvishika, nondo ikawa shina. Mikwaruzo ya vijiko hubakia. Mtazamaji huona ua na karamu iliyokwisha kwa mara moja, kama katika shairi ambamo neno la jikoni hupandishwa daraja bila kuvuliwa harufu ya moshi.

Pwani haikungoja kufundishwa haya. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, waashi wa kale walipachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo za makaburi, na bakuli likabaki bakuli. Mengi yameshang'olewa, yapo mashimo ya mviringo, na jicho bado huyajaza.