Kisu na Ala Yake

Kisu kikikata vizuri, Waswahili husema kinapata. Kikiwa butu, hakipati. Kitenzi ni kilekile cha mtu aliyepata riziki au aliyepata mtoto. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikikusanya visu vya wahunzi wa Mbeya na Iringa pamoja na ala zake, na kadiri ninavyovichomoa na kuvirudisha ndivyo ninavyoamini kwamba lugha haikukosea. Mwenye kisu hapati siku anayokinunua. Hupata siku kisu kinapopata.

Ninavyo 14. Kimoja ni cha kuchinjia, kengee yake pana, mpini wa mninga. Kingine ni cha mgema wa ulanzi, chembamba kama jani la mwanzi, kwa sababu mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga kipande chembamba sana asubuhi na jioni, na kisu kisichopata humharibia mwanzi wote. Ala yake ni kipande cha mwanzi huohuo, kimefungwa kwa ukanda wa ngozi. Vya Mbeya vingi nilivinunua Mwanjelwa, kwenye mikeka iliyotandazwa chini, katikati ya majembe na mashoka. Hakuna viwili vinavyofanana, hata vilivyotoka kwa mhunzi mmoja siku moja.

Chuma chake karibu chote ni springi za malori. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita Iringa na Mbeya, na lori lililopanda Mlima Kitonga na shehena yake halikosi siku ya kuvunja springi. Fundi gereji huitoa, mhunzi huinunua. Nepal nako, wahunzi wa jamii ya Kami hufua khukuri, kisu chao kilichopinda, kwa springi hizohizo za magari. Ala ya khukuri ni ya mbao iliyovikwa ngozi, na nyuma yake hukaa visu viwili vidogo: kimoja cha kazi ndogondogo, kingine butu cha kuwekea makali sawa na kupigia jiwe la moto. Nilipoyajua hayo nilifurahi kama mtu aliyesikia ana ndugu nchi ya mbali. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwenye milima yake, wametazama chuma kilichochoka kubeba mizigo wakaona ndani yake kisu.

Siku moja nje kidogo ya Iringa nilikaa kutwa nzima kwa mhunzi mmoja mzee. Nilimwamkia, "Kamwene," naye akaitika, akanionyesha gogo. "Kaa huko, mwalimu, cheche zisikufikie." Kijana wake alivuta mivukuto, mkaa ukanguruma. Mzee hakuwa na kipimo chochote ila macho. Chuma kikiwa chekundu cha kiza, hakijaiva. Kikifika rangi ya papai bivu, nyundo hushuka. Kikianza kurusha vinyota vyeupe, kimeungua, na kilichoungua hakirudi.

Alipomaliza kufua alikipasha tena, akachovya makali peke yake majini, mgongo ukabaki nje na moto wake. Akasugua bapa haraka kwa jiwe mpaka likang'aa, kisha akatulia, akaniita kwa kidole. Nikaona moto uliobaki mgongoni ukirudi polepole kwenye makali, na chuma kikibadilika rangi mbele ya macho yangu: manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia. Hapo akakizamisha chote. Angekiacha kigumu kama kilivyotoka kwenye maji ya kwanza, kingemeguka kwenye mfupa. Angechelewa mpaka rangi igeuke samawati iliyofifia, makali yangejikunja. Kisu kizima kilikuwa kwenye pumzi chache zile.

Elimu hii ina mizizi mirefu kwetu. Wanyiha wa Mbozi na Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta upepo zenyewe kupitia matundu ya chini, kisha wakakitakasa chuma katika tanuri ndogo ya mivukuto. Wakinga walivuka Milima ya Livingstone na majembe yao, wakayabadilisha kwa chakula kwa Wanyakyusa. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipojaa sokoni, tanuri zilizimika. Nyundo haikunyamaza, ilihamia kwenye chuma chakavu. Na Isimila, kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini, zana za mawe zilizotambuliwa mwaka 1951 bado zimelala kwenye korongo, umri wake ukikadiriwa kupita miaka 200,000. Ukizitazama unaona mkono uliojua jiwe litameguka wapi.

Iringa hukumbuka zaidi chuma cha vita, na ina haki. Mikuki ya Wahehe ilifanya kazi yake Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ilipolishinda jeshi la Wajerumani, na makumbusho ya Kalenga huitunza kumbukumbu hiyo. Mimi moyo wangu uko kwenye chuma cha jikoni na cha shamba, ambacho hakuna aliyekijengea makumbusho.

Ala ndiyo iliyonifundisha kukusanya. Mshonaji mmoja wa Iringa huloweka ngozi ya ng'ombe usiku kucha, hukipaka kisu mafuta na kukiviringisha nailoni, kisha huikunja ngozi juu yake, hushona kwa uzi uliopakwa nta na kuiacha ikauke kivulini. Ikikauka imeshika umbo la kisu kile peke yake. Ukiipa kisu kingine, kitacheza au kitagoma.

Mwanzoni nilidhani ala ni nyumba, kisu kikae humo salama. Nikiwa Tukuyu, niliviacha visu vitatu ndani ya ngozi masika nzima bila kuvigusa, kwa heshima. Nilipovichomoa, kutu ilikuwa imevila kwenye bapa, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuukumbatisha chuma. Nilimpelekea mhunzi kimoja. Alikigeuzageuza, akaniambia bila ukali, "Mwanangu, hiki hakikuharibiwa na mvua. Kimekosa kazi." Tangu siku ile hakuna kisu changu kisichokata kitu kila juma: nyama, kamba, viazi, ukuni mdogo wa kuwashia jiko.

Kilicho bora kuliko vyote sikukinunua. Ni kisu cha jikoni cha marehemu mama, alichopewa alipoolewa. Kila alipokaa kupika alikipitisha kwanza kwenye kinoo cha jiwe, mara tatu huku, mara tatu huku. Kinolewacho hupata, lakini kinolewacho pia hupungua. Leo kengee yake imebaki nyembamba kama kidole changu kidogo. Ala ni ileile ya siku ya harusi, ngozi yake haijabadili umbo, na kisu kikiwa ndani hucheza, kinagonga upande huu na upande ule.

Niliwahi kufikiri kumpelekea mshonaji anitengenezee ala inayokibana. Nikakataa. Upana wa ala ndio upana kiliokuwa nao siku mama alipokipokea. Nafasi iliyo wazi kati ya ngozi na chuma ni miaka yake yote ya kutulisha, na hakuna mahali pengine ilipopimwa.

Kisu changu kipya kabisa, cha yule mzee wa Iringa, bado kinabana kwenye ala yake hadi nikivute kwa nguvu. Jana jioni nilikinoa, mara tatu huku, mara tatu huku, nikamenyea viazi.