Mali, Deni na Daftari katika Maisha ya Tippu Tip

Katika nathari ya Kiswahili ni vitabu vichache vinavyoeleza jinsi mtu alivyoanza biashara, alivyopata mtaji na alivyoikuza. Kimojawapo ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwenyewe aliyatunga kwa Kiswahili kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode. Yakachapishwa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayafasiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1958 na 1959. Wanahistoria wamekitumia kwa kutafuta njia za misafara na habari za vita vya bara. Wahakiki wamekitaja kuwa miongoni mwa tawasifu za kwanza za lugha hii. Walakini kitabu hiki, kabla ya yote, ni hesabu ya mfanyabiashara, na hakitaeleweka vema mpaka kisomwe kama hesabu.

Mwanzo wake ni mdogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anafuatana na jamaa zake katika safari fupi za sandarusi, akichukua mizigo midogo kwa kadiri ya umri wake. Baadaye anapanda bara pamoja na baba yake, mfanyabiashara aliyekuwa na makao Unyanyembe. Baba anapotaka kuikabidhi mali yake kwa mtu mwingine, kijana anakataa kwenda chini ya amri ya mtu huyo, naye anapewa uongozi. Huko Urua wenzake wanashindania pembe kubwa. Yeye ananunua zile ndogo, maana bei yake ni rahisi. Tukio hili limesimuliwa kwa maneno machache mno, bila majivuno na bila mafundisho, ilhali tabia yote ya msimuliaji imo ndani yake. Mwandishi dhaifu angalisimama hapo na kuhubiri juu ya akili na bidii. Tippu Tip anataja pembe, anataja bei, kisha anaendelea na safari.

Jambo la pili ni mtaji, na hapa kitabu kina thamani isiyopatikana kwingine kwa urahisi. Msafara wa bara ulihitaji vitambaa, shanga na bunduki, tena ulihitaji matajiri wenye subira, kwa sababu pembe zilirudi pwani baada ya miaka. Matajiri hao walikuwa Wahindi wa Unguja, na mashuhuri wao katika kitabu ni Taria Topan. Walitoa mali kauli: bidhaa zilitoka dukani leo, malipo yakaja kwa pembe baada ya muda mrefu, na kati ya siku hizo mbili hapakuwa na kitu cha kushikilia ila jina la mdaiwa. Ndiyo sababu msimuliaji anahesabu kwa uangalifu nani alimkopesha na namna alivyolipa. Safari yake ndefu, iliyoanza karibu na mwaka 1870, haikumrudisha Unguja mpaka mwaka 1882. Mtu anayeweza kukaa na mali ya watu kwa muda kama huo, naye akaendelea kuaminiwa, ameijenga amana yake kwa jasho. Na kuieleza amana hiyo ni fahari kuu ya msimulizi.

Kukua kwa biashara ni habari nyingine. Mwaka 1867 anapigana na Nsama wa Itabwa, na baada ya ushindi anahesabu frasila 1,950 za pembe, yaani karibu tani 30, na frasila 700 za shaba. Baadaye, huko Utetera, anadai kuwa ana damu ya ukoo wa mtawala Kasongo Rushie. Mzee huyo anampokea na kumwachia utawala, na pembe zinaanza kumjia kama kodi. Msomaji makini ataona kwamba neno biashara limebadilika maana bila kubadilika umbo. Katika Urua pembe zilinunuliwa. Kwa Nsama zilitwaliwa. Katika Utetera zinaletwa na raia. Msimuliaji hatengi mambo haya matatu. Kwake yote ni mapato, nayo huandikwa upande mmoja wa daftari.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kitabu hiki kinamfanya msomaji aulize swali la pili: watu wasioingia katika daftari hupotea vipi? Katika safari mojawapo wapagazi wanatoroka. Tippu Tip anawafuata mpaka vijijini kwao, anakamata watu, anawatia minyororo na kuwapakiza mizigo. Habari hii anaisimulia kwa sauti ile ile aliyosimulia ununuzi wa pembe ndogo. Hafichi, kwa kuwa haoni cha kuficha. Hapo ndipo penye ila ya kitabu, na hapo hapo ndipo penye thamani yake. Msimulizi mwenye haya angaliipita habari hiyo kimya, na leo wapagazi wale wasingalikuwa na shahidi. Unyofu wa mwenye daftari umehifadhi gharama ambayo mwenyewe hakuihesabu kuwa gharama.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba alikuwa mtu wa zama zake, na kwamba haifai kumpima kwa mizani ya watu waliozaliwa baadaye. Hoja hii ina uzito, lakini kitabu chenyewe kinaipunguza. Watu walioteswa katika safari ile walimwita Kingugwa, jina la mnyama mkali, na jina hilo analitaja yeye mwenyewe. Basi hukumu haikungoja wasomi wa karne nyingine. Ilitolewa siku ile ile, na watu wa zama zile zile, kwa neno moja. Tena kitabu kilichapishwa miaka mitano baada ya amri ya Unguja ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Walimwengu wa msimuliaji walikwisha kuanza kuandika upande wa pili wa daftari. Yeye ndiye aliyebaki upande wa kwanza.

Siku hizi ujasiriamali unafundishwa katika vyuo vingi, na vijana hutafutiwa mifano ya watu walioanza na kidogo wakafika kwenye kingi. Kitabu hiki kinafaa kusomwa katika masomo hayo, mradi kisomwe chote. Anayekomea kwenye pembe ndogo na mali kauli atajifunza ustadi: kuanza kwa kadiri ya uwezo, kununua kile ambacho wengine wanakipuuza, na kulinda jina mbele ya mdai. Ustadi huo ni wa kweli. Anayeendelea mpaka Itabwa, Utetera na minyororo ya wapagazi atajifunza kwamba ustadi ule ule unaweza kukuza mali na kudhulumu watu kwa mkono mmoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, Tippu Tip aliwalipa matajiri waliomwandika. Deni lake liko kwa wale ambao hakuna aliyewaandika, ila jina moja tu walilompa.