Ardhi Ndani ya Chungu

Onyesho la Body Vessel Clay, yaani Mwili, Chombo, Udongo, lilifunguliwa London mwanzoni mwa 2022 katika jumba la Two Temple Place, na baadaye mwaka huo likahamia York. Mratibu wake, Jareh Das, aliwakusanya wanawake weusi wa vizazi vitatu washughulikiao ufinyanzi, na katika jina aliutanguliza mwili. Vyungu vyenyewe vinaupindua mpangilio huo. Kilichotangulia ni udongo, na udongo ni nchi.

Ladi Kwali alijifunza kwa shangazi yake katika nchi ya Wagwari, Nigeria ya kati. Alipandisha pindi juu ya pindi, naye ndiye aliyekizunguka chungu; chungu hakikuzungushwa. Kisha akachora kwa ncha mjusi, nge, nyoka na mamba. Hapana mlima wala upeo wa macho katika mandhari hiyo. Pana vile vipitavyo miguuni mwa mtu aendaye kisimani.

Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha Michael Cardew kilichokuwa Abuja, mji uitwao leo Suleja. Hapo pana jambo ambalo wasifiaji hulipita upesi. Mtungi wa kijijini hupumua: maji hupenya vinyweleo vyake, hugeuka mvuke, na yaliyobaki ndani yakapoa. Mitungi ya kituoni ilivikwa ngozi ya kioo na kuchomwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,200, vinyweleo vikazibika. Iling'aa, ikasafiri hadi London, ikaingia makumbusho; kupoza maji ikashindwa. Picha ya mfinyanzi huyo imo katika noti ya naira 20. Mfinyanzi hulia gaeni, wasema Waswahili. Hapa hata gae halikurudi kijijini. (Bakuli za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya Kunduchi nazo ziliachishwa kazi ya chakula, zikabaki kutazamwa.)

Bisila Noha amejulikana kwa sahani zenye milima na mawingu ya tope la rangi mbili. Ni nzuri, ila milima hiyo ingeweza kuwa ya popote. Uzito zaidi umo katika kazi alizozifinyanga kwa udongo wa Baney, kijiji cha baba yake katika kisiwa cha Bioko.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa 1950, alifika Abuja 1974 akajifunza kwa Ladi Kwali, lakini hakuichukua ngozi ya kioo. Huusugua udongo kwa kijiwe mpaka ung'ae wenyewe. Moto wa kwanza wenye hewa ya kutosha huutoa mwekundu. Wa pili, ulionyimwa hewa, huutia weusi. Vyungu vyake navyo havitekewi maji, shingo zimepinda mno na bei hairuhusu. Lakini havikuzibwa, na mkono ungeruhusiwa kuvigusa ungekutana na udongo.