Dubu Asiye na Haraka

Anayeutazama kwa mbali Mchezo wa Wanyama Watano wa Wachina, Wuqinxi, huenda akadhani watu wazima wanaigiza ngano. Akisogea ataona kazi. Chui milia anakunjua makucha kwa nguvu inayoanzia kiunoni. Kulungu anapinda mgongo hadi akione kisigino chake. Nyani anapandisha mabega na kuangaza huku na huku, korongo anakunjua mbawa akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nilipojaribu mwenyewe, aliyeniteka ni dubu.

Dubu haonekani kufanya jambo. Ngumi zinatulia tumboni, kiwiliwili kinazunguka taratibu. Kisha nyonga moja inapanda, mguu unaifuata, unatua kwa uzito wake wote, na mtikisiko unapanda kutoka unyayoni hadi kwenye nyonga. Ukiharakisha, nyonga hainuki. Goti ndilo linalojikunja, na dubu ameshatoweka. Ni ufundi hasa, maana uzito huo kila mtu anao, ila wachache tunajua kuutua.

Mchezo huu unanasibishwa na Hua Tuo, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, aliyeuawa kwa amri ya mbabe wa vita Cao Cao mwaka 208. Mwanahistoria Chen Shou anasimulia kwamba alimfunza mwanafunzi wake Wu Pu kuushughulisha mwili bila kuuchosha, kwani hata bawaba haiozi kwa kuwa mlango haukai umefungwa. Ukijisikia vibaya, alimwambia, chagua mnyama mmoja. Jasho likichomoza, mwili utakuwa mwepesi na hamu ya chakula itarudi. Wu Pu anatajwa kupita miaka 90, meno yakiwa imara. Na kuiga wanyama kulikuwepo hata kabla yao: hariri iliyofukuliwa Mawangdui, Changsha, katika kaburi la mwaka 168 KK, ina michoro ya watu wakijinyoosha, wengine kwa mtindo wa dubu na wa ndege.

Ninachokienzi zaidi ni hicho kipimo cha jasho. Mazoezi mengi ya leo humsifu anayejikamua. Haya humsikiliza mwenye mwili. Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kuwa korongo akiwa ameshika ukuta, na siku hiyo amefanya mazoezi kamili.

Mwenye dawa za daktari aendelee kuzimeza. Kisha, msomaji, tafuta mahali tambarare, simama, uanze na dubu.